Oili Nzito Si Dawa ya Kelele: Kuchagua Oili ya Injini kwa Malori Makuukuu

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wenye malori, madereva, wasaidizi wao na mafundi wa Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale



Shughuli nyingi za kisiwa hiki zinategemea malori ambayo umri wake umekwenda. Mifereji ikikauka Kibokoni au Bondeni, bauza ndilo linaloleta maji. Vitunguu, viazi na ndizi hufika Marikiti kabla ya jua kuchomoza, na gari lililozileta mara nyingi ni Canter, Isuzu au Fuso lililotengenezwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mchanga na mawe ya ujenzi huvuka Daraja la Nyali vivyo hivyo. Nyuma ya kila gari kuna familia kadhaa: ya mwenye gari, ya dereva, ya utingo na ya hamali anayesubiri mzigo ushushwe.

Injini ikizeeka huanza kupiga kelele. Mwenye gari akienda dukani, mara nyingi hupewa ushauri mmoja: atie oili nzito, injini itanyamaza. Ushauri huo una ukweli kidogo, kwa sababu oili nzito huweza kweli kupunguza sauti. Lakini kupunguza sauti si kutengeneza kilichoharibika. Mazungumzo haya yanaeleza jambo moja: kelele itambuliwe kwanza, na oili ichaguliwe baadaye.

KELELE YATOKA WAPI?

Injini ya dizeli ina mngurumo wake hata ikiwa mpya. Dizeli haiwashwi kwa cheche ya plagi. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda hadi ikawa moto sana, kisha mafuta hurushwa humo na kulipuka yenyewe. Mlipuko huo ndio mgongo wa ile sauti ya kakakaka inayosikika gari linapowashwa asubuhi. Ikipungua injini inaposhika moto, hiyo ni kawaida.

Kelele inayostahili kuangaliwa ni ile iliyobadilika, na fundi mzuri huigawa hivi.

Kwanza, kuna mlio mwembamba wa tik-tik-tik unaotoka juu ya injini. Aghalabu hizo ni tapeti, yaani nafasi ya vali imepanuka. Katika malori mengi ya zamani, vali hurekebishwa kwa skrubu na kipimo cha bamba, kwa vipimo vilivyoandikwa katika kitabu cha injini. Hii ni kazi ya saa chache na haihitaji kufungua injini. Hakuna oili itakayorudisha skrubu mahali pake.

Pili, kuna mgongo mkali unaotoka silinda moja, hasa gari likiwa bila mzigo. Huenda nozeli imechoka au pampu imepoteza majira yake. Kwa pampu za zamani zisizo za kompyuta, fundi hulegeza mrija wa nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma polepole. Silinda ambayo kelele yake inatoweka ndiyo yenye tatizo. Kazi hii ifanywe na fundi anayeijua, kwa sababu mafuta yenye presha hupenya ngozi. Isijaribiwe kamwe kwenye injini za kisasa za komon reli, ambazo presha yake ni kubwa mno.

Tatu, kuna pu-pu-pu inayoongezeka dereva akikanyaga mafuta. Mara nyingi ni gasketi ya mnifoldi au bomba la sailensa lililotoboka. Moshi mweusi wa masizi kwenye maungio huonyesha palipovuja. Hapa tena, oili haihusiki.

Nne, na hii ndiyo ya kuogopwa, ni mgongo mzito wa du-du-du kutoka chini, unaozidi gari likipanda na mzigo, huku presha ya oili ikishuka injini inapopata moto. Hizo ni beringi zinazoshika krenki na konrodi. Beringi zikilika, nafasi kati ya chuma na chuma hupanuka, oili humwagika kwa wepesi kupitia hapo, na presha hushuka.

Chukulia mwenye bauza ambaye gari lake limeanza mgongo huu wa nne. Anatia oili nzito kuliko zote zilizopo dukani. Kwa wiki mbili sauti inapungua na anaamini gari limepona, kumbe beringi zinaendelea kulika kimyakimya. Siku moja, tanki likiwa limejaa, konrodi inakatika na kutoboa bloku. Pale ambapo angenunua seti ya beringi na kulipa gharama ya kusaga krenki, sasa anatafuta injini nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini, oili nzito ni rangi iliyopakwa juu ya ufa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua oili kwa sababu ya kelele, fundi apime presha ya oili kwa geji inayofungwa kwenye injini yenyewe, injini ikiwa moto. Geji ya dashibodi katika gari kuukuu mara nyingi haiaminiki. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha injini. Mafundi wengi hutumia kadirio la psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likiwa njiani, injini izimwe papo hapo, hata kama ni katikati ya daraja. Kuvutwa ni nafuu kuliko injini.

NAMBA ZA KWENYE MTUNGI

Mtungi wa oili una namba ambazo wengi huzisoma kama jina tu. Zina maana, na maana yake si ngumu.

Chukua 15W-40. Herufi W inasimamia majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake, 15, inaeleza jinsi oili inavyojimudu kwenye baridi kali: oili ya 15W hupimwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Mombasa haijui baridi hiyo. Hata mwezi wa Julai na Agosti, usiku wa kisiwani hukaa karibu na nyuzi 20 juu ya sifuri. Kwa hivyo namba ya kwanza haimsumbui sana mwenye lori wa hapa.

Namba ya pili, 40, ndiyo muhimu zaidi. Inaeleza uzito wa oili ikiwa moto wa nyuzi 100, ambao unakaribiana na joto la injini ikiwa kazini. Oili ya 50 ni nzito kuliko ya 40 katika joto hilo, na ya 40 ni nzito kuliko ya 30. Oili iliyoandikwa namba moja tu, kama SAE 40, ina uzito unaofaa ikiwa moto, lakini huwa nzito zaidi injini inapowashwa ikiwa baridi kuliko ile yenye namba mbili.

Kisha kuna herufi za API, ambazo hueleza ubora na kazi ya oili. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili imekusudiwa injini za petroli. Ikiwa C, imekusudiwa dizeli. Kwa upande wa dizeli, CF-4 ilianza mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016. Lori la dizeli halipaswi kutiwa oili ya petroli pekee eti kwa sababu ni rahisi. Dizeli huzalisha masizi mengi, na oili yake imetiwa dawa za kuyashika masizi hayo yasigande ndani ya injini.

Kwa malori yaliyotengenezwa Japani kuna alama nyingine, JASO DH-1. Alama hiyo iliwekwa kwa ajili ya injini za dizeli za Kijapani zisizo na chujio la masizi kwenye sailensa, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa Canter na Isuzu makuukuu. Ikionekana kwenye mtungi, ni dalili nzuri.

OILI GANI BASI?

Jibu la kwanza ni kitabu cha injini. Vitabu vingi vina jedwali linalolinganisha uzito wa oili na joto la mahali. Ambaye kitabu chake kimepotea anaweza kutumia mwongozo ufuatao pamoja na fundi wake.

Injini kuukuu lakini yenye presha nzuri, isiyokula oili na isiyotoa moshi wa buluu, iendelee na 15W-40 yenye alama ya CH-4, CI-4 au JASO DH-1. Umri peke yake si sababu ya kutia oili nzito.

Injini iliyolika kiasi, inayohitaji kuongezwa oili kati ya huduma moja na nyingine, na ambayo presha yake hushuka ikiwa moto ingawa bado imo ndani ya kipimo, inaweza kunufaika na 20W-50 ya dizeli. Katika joto la Mombasa, vitabu vingi vya injini za zamani huiruhusu. Hapa oili nzito ina faida ya kweli: huziba nafasi vizuri zaidi, huliwa kidogo, na hupunguza sauti. Mwenye gari ajue tu kwamba amenunua muda wa kujipanga kwa matengenezo.

Injini ambayo presha yake imeshuka chini ya kipimo, au yenye mgongo mzito kutoka chini, haihitaji oili nyingine. Inahitaji kufunguliwa.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakachanganya oili ya injini na ile ya gia au wakamimina zile chupa zinazoitwa dawa ya injini. Nyingi ya dawa hizo kazi yake ni kuongeza uzito tu. Oili ikizidi uzito, huchelewa kufika juu kwenye vali na kwenye tabo gari linapowashwa, na wakati huo mfupi ndipo chuma husuguana na chuma. Tena, chujio la oili huwa na vali ndogo ya usalama. Oili ikishindwa kupenya karatasi ya chujio kwa uzito wake, vali hiyo hufunguka na oili huingia kwenye injini bila kuchujwa. Geji inaweza kuonyesha presha kubwa na dereva akafurahi, ilhali oili inayofika kwenye beringi ni kidogo na ina uchafu.

OILI YA HALALI NA YA BANDIA

Oili bora kwa jina haina maana ikiwa kilichomo ndani ya mtungi si chenyewe. Oili iliyokwisha kutumika huweza kuchujwa kwa kitambaa, ikatiwa kwenye mtungi mzuri na kuuzwa kama mpya. Mnunuzi aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na namba ya kibali iliyo chini yake. Namba hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023, ukianza na SM#, kisha namba yenyewe. Aangalie pia kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, na tarehe ya kutengenezwa. Oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na jina, hata ikiwa ya bei ya chini, haina wa kuulizwa injini ikiharibika. Risiti itunzwe.

Mtungi mtupu wa oili utobolewe kabla ya kutupwa. Mitungi mizima ndiyo inayorudi sokoni na oili bandia ndani yake.

Dizeli yenyewe pia ina sehemu katika jambo hili. Tangu mwaka 2015, Kenya na jirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo linaloifanya oili ichelewe kuchacha. Lakini dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulaini unaohitajiwa na pampu na nozeli, na vifaa hivyo vikilika, kelele hufuata. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa ajili ya kuzuia mchanganyiko huo. Dizeli inunuliwe kwenye vituo vinavyojulikana.

KUPIMA NA KUBADILISHA

Kabla ya kulaumu aina ya oili, kiasi chake kipimwe. Kelele nyingi huanza kwa sababu oili imepungua tu. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, dakika 5 hadi 10 zipite ili oili ishuke, kisha kijiti kitolewe, kifutwe, kirudishwe na kusomwa. Oili ikae kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu, krenki huipiga hadi ikatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Kijiti hicho kinaeleza mengi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa si kasoro; ndiyo dalili kwamba inashika masizi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya hedi ichunguzwe. Ikiwa imeongezeka bila kuongezwa, na inanuka dizeli, mafuta yanavuja ndani na oili imekuwa nyepesi. Hapo ibadilishwe na pa kuvuja patafutwe, wala isiongezwe nzito juu yake.

Kuhusu muda, malori ya kisiwani yana tabia yake. Hutembea kilomita chache lakini injini hunguruma saa nyingi: kwenye foleni ya kuingia Kilindini, kwenye kivuko cha Likoni, au bauza linaposhusha maji nyumba baada ya nyumba. Kilomita hazihesabiki ilhali oili inachoka. Ndiyo maana mitambo mingi mizito huhudumiwa kwa saa, na saa 250 ni kipimo cha kawaida. Mwenye lori anayejua gari lake hunguruma saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ataona kwamba saa hizo hutimia katika wiki zipatazo tano. Daftari dogo kwenye dashibodi, lenye tarehe ya kubadilisha oili na saa za kazi, litamsaidia kuliko mita ya kilomita iliyokufa zamani.

Chujio libadilishwe kila oili inapobadilishwa. Chujio duni pia huleta kelele: likikosa vali ya kuzuia oili isirudi chini usiku, injini hugonga kwa sekunde kadhaa kila asubuhi hadi oili ipande tena. Na injini iliyokaa miaka na oili duni, ikitiwa oili nzuri ya kusafisha, huachia tope lililoganda. Chujio la kwanza baada ya mabadiliko hayo libadilishwe mapema.

OILI CHAFU IENDE WAPI?

Kila lori linalobadilishwa oili huacha lita kadhaa za oili chafu, na Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na bahari pande zote. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa Mwembe Tayari au kichochoroni Mji wa Kale hakiishii hapo. Mvua ya kwanza hukisukuma hadi Bandari ya Kale au Mkondo wa Tudor, wanakovua watu na wanakoogelea watoto. Shirika la mazingira la Marekani limekuwa likionya kwamba oili ya gari moja dogo, ikibadilishwa mara moja tu, inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji yasiyo ya chumvi. Kisiwa ambacho wakazi wake wengi hutegemea visima hakiwezi kulichukulia hilo kwa wepesi.

Kanuni za usimamizi wa taka zinahesabu oili chafu kuwa taka hatari. Fundi aikinge kwenye beseni, aitie kwenye mtungi wenye kifuniko, asiichanganye na maji wala petroli, na aikabidhi kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Chujio kuukuu liachwe lichuruzike kwanza. Kuipaka kwenye mbao au kuimwaga uani ili kuzuia vumbi ni kuihamishia kwenye udongo na visima.

Kelele yenyewe nayo ina sheria. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo zinagusa magari pia. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako kuta zinakaribiana na dirisha la mgonjwa liko hatua mbili kutoka barabarani, lori lililotoboka sailensa alfajiri ni adha kwa mtaa mzima. Kulitengeneza ni haki ya jirani.

KWA UFUPI

Mwenye lori linalopiga kelele afuate utaratibu huu. Apime kiasi cha oili kwanza. Amwite fundi atambue kelele inatoka juu, kando au chini. Presha ipimwe injini ikiwa moto. Presha ikiwa nzuri, abaki na 15W-40 ya dizeli. Ikiwa imelegea kidogo, atumie 20W-50 ya dizeli huku akiweka akiba ya matengenezo. Ikiwa imeanguka, gari lisimame. Anunue mtungi wenye alama ya KEBS, abadilishe oili na chujio kwa hesabu ya saa, na oili chafu isiguse mtaro.